Kundi la Dawa ya Kweli

Riziki ya tapeli huanzia machoni. Asubuhi moja Eddie alikuwa ameegemea ukuta mtaani Kiyovu, akisubiri mtu yeyote mwenye pesa na shida, alipomwona mzee wa suti akipanda kilima na simu sikioni. Mzee alitembea kidogo, akasimama, akasema "alo, alo," akatembea tena, akasimama tena. Wapita njia waliona mtu mwenye shughuli nyingi. Eddie aliona kwamba simu ilikuwa imeshikwa juu chini.

Akafurahi sana, maana ugonjwa ule aliujua. Aliwahi kuwa dereva wa watafiti waliokuwa wakichunguza mishipa ya damu ya miguuni, mpaka walipoachana naye kwa habari ya mafuta ya gari ambayo hatutaifukua hapa. Alikuwa amewasikia wakieleza mara nyingi: mishipa inaziba, damu haifiki mguuni, mtu akipanda mlima misuli ya nyuma ya mguu inamkaba; akisimama, maumivu yanaondoka. Na kwa kuwa mtu mzima huona haya kusimama barabarani bila sababu, basi hujitafutia sababu. Mmoja hufunga kamba za viatu, mwingine hupiga simu isiyopokelewa na mtu.

Kuna jambo jingine ambalo Eddie hakupenda kulikumbuka. Baba yake alikatwa mguu kule Bukoba kwa ugonjwa huo huo, na mara ya mwisho walipoonana mzee alikuwa akikuna sehemu ambayo haikuwapo tena. Eddie hakuogopa polisi wala Mungu, lakini kumbukumbu hiyo aliiogopa.

Akamsogelea yule mzee.

"Shikamoo mzee. Unakuuma wa kushoto au wa kulia?"

Mzee akashusha simu polepole. "Nani amekuambia?"

"Kazi yangu ndiyo imeniambia."

Mzee aliitwa Évode, amekulia Bujumbura, ana duka la vifaa vya ujenzi Remera. Kabla hawajafika kileleni, alikuwa amekwisha kumwita Eddie "docteur", yaani daktari, naye Eddie hakuwa mtu wa kumvunjia mzee heshima kwa kumsahihisha.

"Utafiti wetu ni bure kabisa," alimwambia. "Wagonjwa wanagawanywa makundi mawili. Wengine wanapata dawa mpya, wengine wanapata kidonge cha unga. Hakuna anayejua yuko kundi gani. Hata mimi sijui."

"Hata wewe docteur?"

"Ndiyo sayansi, mzee."

Évode akatafakari hatua chache. Halafu akatazama nyuma, akashusha sauti. "Na kama mutu anataka kabisa kuwa kwenye ile kundi ya dawa ya kweli?"

Eddie akashtuka kama mchungaji aliyetukaniwa kanisa. Akasema haiwezekani. Akasema ni kinyume cha maadili. Akasema labda.

Hapo ndipo ujanja ulipolala. Mtu wa mjini humkwepa anayemwomba pesa, lakini ukimwonyesha mlango wa nyuma ataulipia mwenyewe, tena kwa kunong'ona. Eddie akapanga chumba Kanogo, chini ya kilima, akakijaza vitu vilivyobaki mikononi mwake siku aliporudisha funguo za gari: kipimo cha presha na kidude cha kusikilizia damu ikipita. Évode akamleta Mugenzi, mstaafu wa wizara moja ya Kacyiru, aliyekulia Uganda. Mugenzi akamleta Illuminée, mama mfanyabiashara wa vitenge, naye wa Bujumbura. Kila mmoja alilipa kwa siri ili awe kundi la dawa ya kweli, na kila mmoja aliwahurumia wenzake wanaokula unga. Kusema haki, Eddie hakumpendelea mtu: wote aliwapa unga wa muhogo, uleule, kutoka mfuko mmoja.

Ila utafiti lazima ufanane na utafiti. Kwa hiyo akawaamuru kile alichowasikia watafiti wakikisema: kila asubuhi pandeni kilima mpaka mguu uume, pumzikeni, kisha pandeni tena.

Siku ya vipimo Illuminée alikaa kwenye kiti, akakunja mikono.

"Anza na wewe docteur. Mimi sivalishwi mashine ambayo sijaona imevaliwa na mwenyewe."

Eddie akacheka, akajipima presha ya mkono, kisha ya kifundo cha mguu. Kwa mtu mzima wa afya namba hizo hukaribia kulingana. Ya mguuni ilikuwa chini sana. Akaivua haraka.

"Mashine imechoka," alisema.

Illuminée akamtazama, kisha akaitazama pakiti ya sigara mfukoni mwa Eddie.

Wiki zikapita, likatokea jambo ambalo halikuwa kwenye mpango: wagonjwa wakapona. Si kupona kabisa, lakini Évode aliacha kupiga simu za uongo. Mugenzi alifika kileleni bila kusimama, akalia machozi mbele ya watu. "Ssebo, mguu wangu umerudi!" alimwambia Eddie, akimwita bwana kwa neno la heshima la Uganda, akamkumbatia. Kwa kitambo kidogo Eddie aliona fahari ya kweli kifuani, akashangaa inatafuta nini mle.

Akaitibu haraka. Akatangaza kwamba utafiti umekwisha, dawa iliyobaki ni kidogo, na atakayetaka akiba yake aje Jumamosi, peke yake, asimwambie mtu. Wote watatu walikuja peke yao. Jioni ile sanduku lake dogo lilijaa pesa, likafungwa kwa taabu, na Eddie akalala akiota basi la Kampala.

Alfajiri akatoka na sanduku mkononi kutafuta pikipiki ya kumpeleka kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Barabara ilikuwa tupu. Halafu haikuwa tupu: ilijaa watu wa raba na kaptura, wakikimbia na kuimba. Polisi mmoja akamwonea huruma.

"Leo ni Car Free Day, muzee. Moto, hizi pikipiki, utazipata kule juu, hakujafungwa."

Eddie, aliyekumbuka kila kitu cha watu wengine, alikuwa amesahau Jumapili ya bila magari. Akatazama kilima alichowapandisha wenzake kila siku, ambacho yeye hakuwahi kukipanda bila kusimama katikati kuwasha sigara. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, lakini hawakusema kama inapanda.

Hata nusu hajafika, mguu wa kulia ukamkaba. Akajikaza, ukakaza zaidi. Vijana wakampita wakimpigia makofi na kumhimiza ajikaze, aendelee: "Komera muze, komeza!" Basi Eddie akasimama, akatoa simu, akaiweka sikioni.

"Alo," alisema. "Alo, alo."

"Unaongea na nani docteur?"

Illuminée alikuwa amesimama kando yake, raba miguuni, hata hatweti.

"Nina... nina safari ya dharura, mama."

"Mimi siku ile ya mashine niliona. Muguu yako iko kama yangu ya mbere, ilipokuwa mugonjwa." Akatoa kopo kwenye mkoba wake, akalitikisa. Vidonge vikalia humo, kopo limejaa mpaka juu. "Dawa yako sijaonja hata moja. Nilikuwa naweka, niende kuuza Bujumbura. Na nimepona. Sasa uniambie, nimeponywa na nini?"

Eddie akageuka kutazama njia ya kurudi. Chini, kwenye kona, Évode na Mugenzi walikuwa wametokea, wanapanda kwa mwendo mzuri.

"Wale bado wanakupenda," alisema Illuminée. "Nikifungua kinywa, watakukamata. Kukimbia huwezi. Lete sanduku."

"Tugawane, mama. Nusu kwa nusu."

"Lete."

Akampa. Illuminée akampa kopo la vidonge mkononi, akainama karibu na sikio lake. "Tembea docteur. Wasiotembea wanakatwa." Kisha akapanda na pesa za wote, pamoja na zake mwenyewe, akachanganyika na wakimbiaji, hakusimama hata mara moja.

Eddie alimtazama mpaka akapotea. Alitaka kukasirika, lakini alichokiona akilini ni mkono wa baba yake ukikuna hewa.

"Docteur! Umekuja kupanda na sisi!" Évode alimshika mkono wa kushoto kwa furaha. Mugenzi akamshika wa kulia.

"Twende ssebo. Mpaka mguu uume, tunapumzika, tunapanda tena. Si ulitufundisha wewe?"

"Ndiyo," alisema Eddie kwa sauti ndogo. "Ngojeni kidogo."

Akafungua kopo. Unga ule aliuchekecha mwenyewe, na bei yake sokoni alikuwa anaijua. Akatoa kidonge kimoja, akafumba macho, akakimeza.