Kocha Niliyemchagua kwa Jina

Jumatatu, 9 Juni

Daftari, salamu nyingi. Sisi hapa Elburgon hatujambo. Baba Natalie hajambo, ni mgongo tu. Lewis hajambo, ameanza kutambaa. Ng'ombe hajambo. Natalie hajambo, yuko gredi ya saba lakini mdomo ni wa chuo kikuu. Mimi mwili haujambo. Roho ndiyo mgonjwa.

Jumamosi shuleni kuna mashindano ya wazazi. Mwalimu mkuu ameyaita traiathloni: baiskeli, kuogelea, kukimbia. Bwawa hatuna, kwa hivyo badala ya kuogelea ni kubeba ndoo ya maji kichwani. Na Natalie amemwomba Mama Shantel, jirani, asimame kama mama yake! Eti mimi nitachoka kabla ya filimbi. Kumzaa ilichukua masaa kumi na tisa, nani alichoka? Nililia jikoni, nikasingizia moshi. Nikaomba anipe wiki. Akasema sawa, bora nikimbie kutoka geti letu mpaka mashine ya kupasua mbao na kurudi bila kusimama.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata kocha! Kimutai wa bodaboda. Mtu aitwe Kimutai, jina la Kikalenjin, la mabingwa wa marathoni, akose kujua mbio? Akaniambia, mathe, mimi nakimbianga na pikipiki tu. Unyenyekevu huo! Mabingwa wote wako hivyo. Ana kitambi, lakini nimeelewa, hiyo ni pumzi ameweka akiba. Tumeelewana chapati nne kila siku.

Jumatano, 11 Juni

Mazoezi. Mimi mbele kwa miguu, kocha nyuma kwa pikipiki, nikipunguza anapiga honi. Lori la magogo likapita, utingo akapaza sauti: boss, huyo mathe amekuibia nini? Nilifika kanisani, hata nusu ya njia sio. Nikaingia kama mtu aliyekuja kuomba. Na niliomba kweli.

Alhamisi, 12 Juni

Ole wangu! Nilificha ufunguo wa pikipiki ili kocha akimbie, nione mguu wa bingwa. Hatua ishirini nje ya geti, kocha chini! Macho juu! Mama Shantel akaja kumpepea na leso, huku akicheka, akiuliza ni nani anafunza nani. Mtoto wa wenyewe anakufa na bomba letu limekauka! Nikanyakua ndoo, mbio mpaka mfereji wa mashine ya mbao, nikateka, mbio nikarudi. Nikammwagia. Akaamka, akaulizia chapati.

Nikageuka, Natalie na yunifomu amesimama getini. Akasema pole pole, mum, hukusimama hata mara moja.

Sikuwa nimejua!

Jumamosi, 14 Juni

Baiskeli ilinitupa kwenye ua wa mwalimu mkuu. Wa mwisho! Lakini kwa ndoo nilipita akina mama saba, Mama Shantel akiwemo, yeye akishindania Shantel wake, tone halikumwagika. Mwishowe nikawa wa tatu. Natalie alipiga kelele mpaka sauti ikaisha: huyo ni mamangu! Nililia. Moshi haukuwepo.

Kocha ni kocha. Nilisema jina halidanganyi!

Sasa mwalimu mkuu anasema mwaka ujao tutapelekwa Nakuru kwa bwawa lenyewe. Nisiogope. Nimeshaongea na Ogada fundi wa viatu. Kwao ni ziwani! Eti maji hayajawahi kumpita magoti. Unyenyekevu tu.

Daftari, unaonaje, chapati nne zitamtosha? Nijibu haraka, anaanza Jumatatu.