Nyumbu, Gesi na Daktari Ajwang

Jumatatu, 9 Juni 2003. Kitengela.

Ajwang anakuja! Morgan, kaka yake, jirani yangu ukuta kwa ukuta, ameniambia asubuhi akipaka viatu rangi. Anafika Jumamosi kabla ya mkutano wake Nairobi. Siku hizi ni Daktari Ajwang. Chuoni tulisoma Fizikia benchi moja. Mimi nilishika lenzi, yeye aliandika majibu. Kisha akaenda ng'ambo, mimi nikaja Kitengela kufundisha. Sasa anatumia fizikia na kompyuta kuchunguza jinsi protini zinavyojikunja mwilini. Watu wa fizikia wanamwalika. Watu wa biolojia wanamwalika. Mwaliko wangu wa mwisho ulikuwa wa harambee.

Morgan akauliza amwambie nini kunihusu. Nikasema: mwambie mimi pia ni mtafiti. Fizikia na biolojia. Kwa kompyuta.

Si uongo. Ni ukweli uliotangulia wakati wake.

Jumanne, 10 Juni.

Utafiti gani sasa? Nimewaza hilo somo zima la Joto. Kidato cha pili wamechemsha maji mpaka sufuria ikakauka. Saa ya chai nikatazama dirishani: nyumbu! Wametapakaa uwandani, wanarudi mdogo mdogo kuelekea mbugani kama kila kiangazi. Wanagongana, wanaachana, wanajaza kila nafasi iliyo wazi. Kama molekuli za gesi! Hiyo ni fizikia. Nyumbu wenyewe ni biolojia. Imebaki kompyuta.

Shule iko na moja. Inakaa kwa Madam Phylis, naibu wa mwalimu mkuu, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni. Nikaiomba kwa hesabu za nyumbu. Akasema ni ya mitihani na isichoshwe.

Hiram Kiragu, mwalimu wa Biolojia, alikuwa mlangoni kama kawaida yake. Akauliza nyumbu wamenikosea nini. Huyu ni mtu ambaye kilele cha sayansi yake ni kuchora moyo kwa chaki nyekundu. Ninamhurumia.

Jumatano, 11 Juni.

Mpango! Nimemwambia Madam Phylis kompyuta iko na virusi, inafaa ikae na mimi mchana mzima. Akashtuka, akasogeza kikombe chake mbali nayo. Mambo yalikuwa mazuri kabisa. Kisha akamwita Hiram, kwa sababu virusi ni mambo ya Biolojia.

Hiram akaja na koti jeupe. Alijua! Nilimwona machoni. Akasema kwa sauti ya kanisani kwamba virusi havitaki kusumbuliwa, mgonjwa apumzike tu. Madam Phylis akairudishia kitambaa chake. Akaongeza shuka.

Nimerudi nyumbani nikikumbuka chumba cha giza cha chuo, tulipopitisha mwanga kwenye ufa mwembamba ukatawanyika ukutani. Ajwang akasema, "Ona." Neno moja tu. Tangu siku hiyo hakuna mtu amewahi kuniambia nione chochote.

Alhamisi, 12 Juni.

Mwanafizikia wa kweli hahitaji kompyuta. Anahitaji chembe moja yenye alama, aifuate inakoenda. Nikachukua ndoo ya chokaa ya uwanja wa mpira, nikaenda uwandani. Nyumbu hawapendi sayansi. Kila nikisogea, wanasogea. Nikajificha kwenye kichaka cha miiba. Nikasikia kwato. Nikafunga macho, nikamwaga.

Ng'ombe! Fahali wa mzee Ole Sankale, mwekundu upande mmoja, mweupe ule mwingine. Mzee akaja, akaegemea fimbo yake. Nikamsalimu kwa Kimaasai, "Supa." Akajibu "Ipa" bila furaha. Nikamweleza habari ya molekuli. Alisikiliza yote kwa adabu.

"Sasa osha," akasema.

Nikaosha. Fahali alifurahia kuliko nilivyotarajia. Hapo ndipo Hiram akapita na kidato cha pili, wamekuja kutazama mimea. Akawasimamisha. Akawaambia hii nayo inaitwa kutegemeana kwa viumbe.

Jumamosi, 14 Juni.

Amefika. Ni mfupi kuliko nilivyokumbuka. Nadhani nilikuwa nikimwongeza urefu kichwani mwaka baada ya mwaka. Kicheko ni kile kile, kinaanzia puani. Tukala samaki kwa Morgan. Akaniuliza utafiti wangu. Nikaeleza nyumbu na gesi mbio mbio, ili nimalize kabla hajauliza zaidi. Akaacha kula.

"Kyule, hilo ni swali la kweli," akasema. "Lakini gesi haina njaa. Nyumbu ananusa mvua, anamfuata mwenzake, anakutana na seng'enge. Hayo utayaweka wapi kwenye hesabu yako?"

Sikuwa na jibu. Nilifurahi! Nimekaa sana bila kukosa jibu la kitu cha maana.

Akasimulia kazi yake. Mwanzo hakuwa wa mtu yeyote. Wa fizikia walisema amezama kwenye tope la biolojia. Wa biolojia walimwona mtu wa hesabu aliyekuja kupima asichokijua. Alikuwa akila chakula cha mchana peke yake. Kilichomwokoa ni mwanabiolojia mmoja aliyekaa naye na kumwambia kila alipokosea, naye Ajwang akamfanyia vivyo hivyo. "Hii kazi haifanywi na mtu mmoja," akasema.

Kisha habari yenyewe! Agosti atafundisha walimu Nairobi, fizikia na biolojia pamoja, kompyuta tele. Walimu watakuja wawili wawili, mmoja wa kila upande. Ameniwekea nafasi. Nimtafute tu mwenzangu wa Biolojia, nimpe jina kesho.

Shule yetu iko na mwalimu mmoja tu wa Biolojia.

Jumapili, 15 Juni.

Baada ya kanisa nilienda mpaka mlangoni kwa Hiram. Nikainua mkono nibishe. Alikuwa ndani anaimba, vibaya sana na kwa furaha. Nikashusha mkono. Je, akikataa? Mbaya zaidi: je, akikubali? Agosti nzima Ajwang akicheka vichekesho vya Hiram!

Nikapata mpango bora. Nilimwambia Ajwang sihitaji mwenzangu, mimi ni pande zote mbili. Akauliza tumbo la nyumbu liko na vyumba vingapi. Nikasema inategemea halijoto.

Hakucheka. Hapo ndipo paliponiuma.

Tukatembea mpaka kwenye seng'enge ya uwanda. Nyumbu walishahama. Nyasi tu, na upepo wa kutoka Ngong. Akashika waya kwa mikono miwili, akasema kila theluji ilipoanguka kule alikuwa akiutamani uwanda huu. Nilitaka kumwambia kwamba mimi nimekuwa nikiitamani theluji yake.

Nikamwambia waya uko na kutu.

Jumatatu, 16 Juni.

Hiram amenijia mwenyewe. Amesikia kwa Morgan. Alizungumza kwa upole ambao sikuuamini hata kidogo. "Mwalimu, hata mimi nimechoka na huu ubao," akasema. "Twende pamoja. Wewe unifunze hesabu, mimi nikufunze tumbo."

Tumbo! Kwa hivyo ameambiwa hata hilo. Huu ni mtego. Nikamjibu nafasi zimejaa. Akaitikia kwa kichwa, akaenda darasani. Leo hakuimba.

Jumamosi, 21 Juni.

Hiram alimwendea Ajwang moja kwa moja. Amepewa nafasi, na amepata mwenzake: Kalekye, mwalimu wa Fizikia kutoka Bisil. Jana walikutana katika chumba cha walimu, wakachora nyumbu na mishale ubaoni. Walikuwa wakikosoana na kucheka. Kalekye aliuliza jambo kuhusu mwendo. Nililijua jibu. Nikalimeza pamoja na chai baridi.

Ajwang amesafiri asubuhi. Sikuamka kumuaga, nilikuwa macho, lakini sikuamka. Amemwachia Morgan ujumbe kwamba lile swali langu nisilitupe, na kwamba jibu liko kwa mtu wa pili. Nimeutafakari kutwa. Uwanda ni mtupu kabisa.

Lakini! Morgan anasema mwakani Ajwang ataingia kwenye utafiti wa mbu wa malaria. Mbu! Kwa hao sihitaji Hiram wala mtu wa Bisil. Nimeshatuma salamu kwamba mimi hufuga mbu tangu zamani. Nimenunua chandarua kipya, nimekifunga kitandani, nimeweka ndani beseni la maji machafu. Mbu watalala ndani.

Mimi nitalala sakafuni.

Hiram asijue.