Boti ya Shemeji na Ukuta wa Mama Mkwe

Jumapili, 3 Agosti

Leo nimeng'ara ukweni. Shemeji, kaka yake mke wangu, anahamishwa kikazi mwaka mzima na hana pa kuiweka boti yake. Boti ya maana hasa! Nyeupe, imekaa juu ya tela lake la magurudumu mawili kama bibi harusi kitini. Jua linaibabua. Anataka gereji ya nyumbani yenye paa na mlango wa kufunga, boti iingie na tela lake. Akataja jirani yangu, yule dereva mstaafu tunayemwita Kamanda. Eti ana gereji kubwa. Kamanda! Mtu anayeweka kiti kwenye gereji asome gazeti!

Ulimi ukaniwasha. Nikasema gereji yangu inameza meli. Nikaongeza kwamba ujanani niliendesha kivuko katikati ya dhoruba, usukani mkono huu, kikombe cha chai mkono huu, na chai haikumwagika hata tone. (Nilikuwa abiria. Nilitapika.) Ukumbi mzima kimya. Nadhani ilikuwa heshima. Shemeji akasema basi, Jumamosi anaileta.

Njiani mke wangu akaniuliza cherehani zake zitakwenda wapi. Lo! Nilikuwa nimesahau kwamba gereji ndiyo anamoshonea.

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya vipimo. Mtu wa kazi hapimi kwa kukisia. Nikamwomba mke wangu utepe wake wa kupimia, akakataa katakata, akanikumbusha kwamba ule wa kwanza niliufungia bomba linalovuja. Sawa. Alipogeuka nikachukua kikapuni mwake utepe mwingine, mweupe, laini, mrefu. Nikaenda kwa shemeji. Nikaufunga kwenye pua ya boti, nikauvuta barabara hadi mkiani, nikapiga fundo. Nyumbani nikaulaza sakafuni mwa gereji. Imetosha! Tena inabaki nafasi ya meza na viti vinne. Kuna watu wamesomea vyuo na hawana jicho kama langu.

Cherehani nimezihamishia sebuleni. Ilibidi nipite polepole mbele ya chumba cha mama mkwe, kinachopakana na gereji. Amepasuliwa jicho na yuko kwetu, bandeji imemfunika macho yote mawili. Mke wangu amembembeleza miaka na miaka aje akae nasi, naye kila mara alikuwa akikataa. Inasemekana alisema nyumba yangu ina maneno mengi kuliko viti. Safari hii amekubali kukaa moja kwa moja. Mke wangu siku hizi anashona huku anaimba.

Jumatano, 6 Agosti

Aibu ya kwanza. Mke wangu alikuwa akitafuta kitu cha kutia viunoni mwa sketi za shule. Akakikuta kina fundo. Akaniita. Akaniuliza, mume wangu, hiki ulikuwa ukipimia nini? Nikasema boti. Akashika ncha mbili, akavuta mbele ya uso wangu, kikarefuka. Akaachia. Pwa!

Lastiki.

Nimempimia shemeji boti kwa lastiki ya sketi! Kule niliivuta kama mtu anayefunga mzigo, hapa niliilaza imelegea kama mlenda. Mke wangu alicheka hadi akakaa chini, halafu akanishika bega, akasema bado kuna muda, mpigie kaka umwambie ukweli, hatakula mtu.

Nikamwambia nitapiga. Nikatoka na simu hadi uani. Nikaiangalia. Nikarudi.

Baadaye niliazima mita ya chuma kwa fundi seremala na kwenda kupima tena, nikijifanya nimekuja kusalimia tu. Boti yenyewe inaingia kwa kubanana, lakini pamoja na tela inazidi kama urefu wa mkono wa mtu. Kinachozidi ni kile chuma kirefu cha mbele cha kufungia tela kwenye gari, ambacho sikukihesabu kabisa. Nani huhesabu chuma?

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata ufumbuzi. Kama gereji haiongezeki mbele, iongezeke nyuma! Ni kutoboa tundu dogo ukutani, ukubwa wa sahani, kile chuma kipenye kikae humo. Nani atajua?

Fundi uashi alikuja akagonga ukuta kwa kidole. Akaniambia, mzee, matofali haya yamechoka, ukiligusa moja yataitana kama ndugu wakisikia mirathi. Nikamwambia nimejenga madaraja. Akaniaga.

Mke wangu alipompeleka mama hospitali kusafishwa jicho, nikaanza. Tofali la kwanza lilitoka kwa adabu. La pili likaita wenzake. Tundu la sahani likawa la sinia. La sinia likawa la jiko. Vumbi lilipotulia nilijikuta nimesimama natazama kitanda cha mama mkwe, na mto wake, na kandambili zake zimepangwa sawasawa chini.

Nilifagia kama mwizi anayefuta nyayo. Upande wa gereji nikaegemeza ubao. Upande wa chumbani nikatundika pazia, lile zito la sebuleni. Waliporudi, mke wangu aliuliza pazia la nini pasipo dirisha. Nikasema ni kuzuia baridi ya ukuta isimwingie mama jichoni. Machozi yakamlengalenga. Akasema asante, mume wangu, sikujua unamfikiria mama hivyo. Mama mkwe naye, na bandeji yake, akaniombea dua ndefu.

Nilikula bila kuinua uso. Chakula hakikuwa na ladha.

Jumamosi, 9 Agosti

Mungu wangu.

Shemeji alifika asubuhi na boti. Kamanda akavuka barabara, mikono nyuma, akauliza kama mlango una upana wa kutosha. Nikamwambia asubiri aone kazi ya nahodha. Tukalifungua tela kutoka kwenye gari, tukaligeuza mbele ndani, wanaume wakashika nyuma ya boti. Ubao nilikuwa nimeshauondoa kimyakimya. Mama mkwe nilijua yuko sebuleni anakunywa chai. Nilijua!

Nikapiga kelele: sukumeni kiume! Nilisahau kwamba sakafu ya gereji inateremkia ndani. Tela likapata miguu yake lenyewe. Chuma kikaingia tunduni, vizuri kabisa, kama nilivyopanga. Halafu pua ya boti nayo ikaingia. Matofali yakaitana. Vumbi.

Kutoka ndani ya ukuta ikasikika sauti tulivu ya mama mkwe:

"Baba, mlango uko upande huu."

Nikaingiza kichwa kwenye pengo ili niombe radhi. Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili. Alikuwa ameketi kitandani na gauni la kulalia, kichwa wazi, mvi zote nje, amenyoosha mkono gizani kwake anapapasa pua ya boti iliyofunikwa pazia. Mimi, mkwe, namtazama! Nikarudisha kichwa haraka, nikakigonga. Nilistahili.

Mke wangu akaingia mbio kwa mlango. Alipovuta pazia akaona tundu lilivyo, akaelewa pazia lilikuwa la nini tangu Alhamisi. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepona. Alimfunga mama kitambaa kichwani, akamtoa nje akimshika kiwiko, na alipopita karibu yangu alisema tu, "Nilikushukuru."

Boti wameivuta, wameipeleka kwa Kamanda. Imeingia na tela lake na mlango ukafungwa. Kiti chake cha gazeti bado kina nafasi. Hata hakunicheka. Alinipa maji ya kunywa. Kamanda! Maji!

Jumapili, 10 Agosti

Mama mkwe anaondoka. Amempigia simu binti yake mdogo, atatumiwa gari kesho. Shemeji aliniambia kwa upole kwamba hakuna neno, boti haikuumia. Sikuwa nimemuuliza kuhusu boti.

Mke wangu amemfungia mama mfuko. Akakunja nguo, akazikunjua, akazikunja tena. Akaniuliza bila kunitazama, mama akiniuliza kwa nini nilimleta huku, nimwambie nini?

Nimeung'uta mto wa mama mkwe uani mpaka mikono ikauma. Vumbi la matofali halitoki. Kila nikipiga, linatoka jingine. Nimelala kwenye kochi, kati ya cherehani mbili, uso nimeufunika na sketi ya mtoto wa shule. Sistahili shuka.

Naapa hapa, kwa mkono wangu: sitatamka tena neno kubwa kuliko mimi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilirudisha cherehani gereji alfajiri, nikaanza kukoroga saruji ili nilizibe pengo kabla gari halijafika. Mke wangu akaketi kushona, maana sketi zinadaiwa. Haimbi. Mama mkwe ng'ambo ya pili kitandani, mfuko magotini.

Mara sauti yake ikapita tunduni. Akasema hilo kanyagio la cherehani linalia, litie mafuta. Mke wangu akasema mama, umelisikiaje? Akasema jicho ndilo lililopasuliwa, si sikio. Basi wakaanza hadithi. Mara ya shangazi aliyeshona suruali ya mguu mmoja, mara ya fulani, mara yangu mimi. Yangu ilichukua muda mrefu. Walicheka. Mimi nimesimama na mwiko, saruji inaganda, hakuna anayenikumbuka, na sikutaka wanikumbuke.

Gari lilipofika, mama mkwe akalirudisha tupu. Akaniita. Nilisimama nyuma ya mlango, kwa adabu, macho chini. Akasema tundu lisizibwe. Litiwe dirisha dogo, aongee na mwanawe akishona. Kitasa kiwe upande wake.

Machozi yalinitoka, nasema kweli. Anabaki! Mke wangu alinishika mkono. Ilikuwa niseme ndiyo mama, na ninyamaze.

Lakini dirisha? Dogo? Kwa mtu kama mimi? Nimemwahidi roshani. Roshani ndani ya gereji! Ina ngazi na mahali pa kuweka maua. Hata Kamanda hana.

Mke wangu ameuachia mkono wangu, akauliza taratibu itaning'inia wapi hiyo roshani. Nimemwambia asijisumbue, nimeshapima kwa macho.