Ombi la Kupunguziwa Kodi kwa Kuhama Hatua Sabini Mara Tatu

Baraka, upande wa maji

Kwa Bwana Mukubwa wa biro ya kodi,

Nakusalimia wewe, madame, batoto, na ile kufuli kubwa ambayo mutumishi wako Bertin alinionyesha Jumatatu. Alisema kama sijalipa kodi ya kazi yangu ya kushona nyavu, Ijumaa ataipiga kwenye mulango wangu. Ni kufuli nzuri, sikatai. Lakini soma kwanza malalamiko yangu.

1. Divine, mutoto wa dada yangu, anaishi Kanada. Alinieleza kwa telefoni kwamba kule mutu akihama kwa sababu ya kazi, gharama za kuhama zinaondolewa kwenye mapato kabla hayajakatwa kodi. Masharti ni mawili: nyumba mupya imuweke karibu na kazi, na kilomita ziwe arobaini. Nilimuuliza, Serikali ya namna hiyo inakula nini? Akacheka: "Mujomba, we jaza fomu tu." Fomu ya Kanada sina. Nimechana karatasi ya daftari.

2. Nimehama mara tatu tangu ziwa lipande. Mara ya kwanza maji yaliingia jikoni, tukasema ni mugeni, atarudi kwake. Akalala. Tukapanda hatua sabini, akatufuata. Sabini tena, akatufuata tena. Tukapanda sabini za tatu. Leo bavuvi wanatega mahali kitanda changu kilikuwa. Juzi mumoja wao, Claver, aliniita kutoka ndani ya pirogi, mutumbwi wake: "Mzee, chumba chako kiko na samaki ndagala! Wakati ulilala humu kulikuwa na mikoromo tu." Bertin aanze na huyo, anayevua chumbani mwa mutu bila kupiga hodi.

3. Juu ya kuwa karibu na kazi: batu wengine wanafuata kazi, mimi kazi inanifuata mpaka kizingitini. Anayekaa karibu na kazi yake kunishinda ni samaki peke yake, na huyo hamujamutumia karatasi.

4. Juu ya kilomita. Anastasie, muke wangu, haniamini na sahani. Alizibeba moja moja. Kila tulipohama alikwenda na kurudi mara mia moja na arobaini, siku nne nzima, nami nilihesabu. Zidisha kwa tatu, kilomita arobaini zinapita, na sijaweka ile safari alirudia chumvi.

5. Gharama zenyewe: mabati kumi na mawili, yaliyong'olewa na kupigiliwa mara tatu, sasa yana matundu kushinda nyavu ninazoshona. Kuku mumoja, alikufa kwa mawazo. Pia mimi mwenyewe, niliyekaa kwenye kiti siku zote hizo nikilinda vitu. Ulinzi ni kazi, munalipa polisi. Nikijumlisha, naona Serikali ndiyo iko na deni langu. Lakini mimi si mutu mugumu. Tuseme tuko sawasawa.

6. Hapa sichezi. Anastasie ameapa kwamba mulango ukifungwa, atapanda mulimani Fizi kwa dada yake Émilienne, kule maji hayawezi kufika. Émilienne amejibu kwamba kuna nafasi ya Anastasie na kuku waliobaki. Juu yangu hakusema kitu. Bwana Mukubwa, nina miaka sabini na moja. Kufukuzwa na maji, hiyo ni ya Mungu. Lakini kulala peke yangu kwa sababu ya kipande cha chuma, hiyo itakuwa yenu.

Naacha hapa, karatasi imeisha kabla ya maneno. Unisalimie biro nzima, Solange anayepokea batu, na Bertin pia, miguu yake ipone, Jumatatu alikuwa akichechemea.

Ni mimi mulipa kodi wako, Mungu akipenda,
Mzee Isidore, mushona nyavu

N.B. Anastasie amechukua barua asome, yeye alifika darasa la sita na mimi la tatu. Anasema gharama zote ni zake, kwa sababu ni yeye alibeba. Anasema pia nyavu anashona yeye tangu macho yangu yalichoka, na kazi yangu ni kupiga masoga na bavuvi. Nimefikiri sana, nimeona ni kweli. Basi mimi sina kazi, sikuhama, na kodi si yangu. Muandike jina lake. Safari ya Fizi ameiahirisha: Ijumaa asubuhi atakuja kwenu yeye mwenyewe. Mumupe kiti, na akianza kusema, musimukatize.