Kuhusu Ndege Wanaokalia Kiwanja Changu Simi-Simi

Bwana Bourgmestre, mkuu wa Komini yetu,

Nakuandikia kwa heshima zote na kwa hasira kidogo. Nilinunua kiwanja kwenye kinamasi hapa Simi-Simi. Nusu nimekwisha kuijaza udongo, nikajenga nyumba. Nusu ya pili mmenikataza kuigusa, eti ni makao ya ndege. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ndege hao hawana karatasi. Vijana wa chuo kikuu wananiambia baadhi wanatoka Ulaya. Wanashuka kwangu, wanakaa miezi, wanaondoka bila kuaga. Mimi nikiomba kwenda kwao, naulizwa hadi jina la bibi yangu.

2. Jumamosi sote tuko kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, tunazibua mitaro. Korongo anasimama kwa mguu mmoja, anatutazama kama msimamizi. Hakuna anayemtoza faini.

3. Kambale wanazaa kwangu. Watoto wakikua wanakwenda mtoni, kisha Mama Chimène anawauza sokoni. Mimi nimekuwa wodi ya wazazi, tena ya bure.

4. Vyura. Kanisa la jirani liliambiwa lipunguze spika. Vyura hawajaandikiwa hata mstari mmoja.

5. Hili ndilo lililoniuma. Nilikuwa uani nazungumza na mke wangu Karima, ndipo mwanafunzi mmoja mwenye darubini akaniambia: "Papa, sema pole-pole, ndege iko nalalia mayai." Nikashusha sauti. Nyumbani kwangu, Bwana Bourgmestre.

Kwa hiyo naomba ndege wahamishwe Masako, kwenye msitu wao, na wapewe notisi kwa Kifaransa na Kiswahili wasije wakasema hawakuelewa. Ikishindikana, basi nami niandikwe kati ya viumbe wanaolindwa, na watu wanong'one ninapokula.

Wasalimie mama wa nyumbani, watoto, makarani wote, na yule mlinzi aliyenifungia mlango.

Wako mtiifu,
Yakubu Kasongo, muuza vitenge

Nyongeza: Mvua ya jana ilikosa pa kwenda, kwa kuwa pale ilipozoea kutuama ndipo nilipojenga. Maji yamefika kitandani. Karima amewachukua watoto, amekwenda kwa mama yake, komini ya Tshopo. Ameniachia neno kwa jirani: "Mwambie Papa Yakubu, siku mayi itarudi kwa ndege, na mimi nitarudi." Nyumba ni kimya, na kimya hicho sikukipenda hata dakika moja. Nimeanza kuuchimbua ule udongo niliojazia asubuhi hii. Naomba mniazime beleshi.