Baharia Mwenye Ndevu

Jumatatu, 3 Machi
Redio wamepiga simu! Wanataka mwanabendi mmoja Alhamisi asubuhi, aeleze alivyoanza muziki na nani alimvutia. Mwimbaji wetu amekaukiwa na sauti. Mpiga solo, tunayemwita Kidole, yuko ukweni. Nimebaki mimi, mpiga besi. Miaka ishirini na miwili nasimama nyuma ya mpiga ngoma. Mama mkwe wangu hudhani kazi yangu ni kubeba spika. Sasa watanijua.

Jumanne, 4 Machi
Baiskeli tatu za wateja zimelala karakanani bila kuguswa. Nimeshinda nikitunga mwanzo wangu. Ule wa kweli haufai: mwalimu wa kwaya aliniamuru nifungue mdomo tu, sauti nisitoe. Dada yangu mkubwa akanihurumia, akanifundisha kwa gitaa lake la besi lililobakiwa na nyuzi mbili. Nani atamheshimu mtu wa namna hiyo? Kwa hiyo nimemtunga baharia mwenye ndevu hadi kifuani, aliyenisikia nikipiga mluzi nikiwa na miaka sita, akalia. Mke wangu akauliza kwa nini baharia. Nikamjibu kwamba baharia huondoka, haitwi kutoa ushahidi. Akauliza, na dada je? Uchokozi mtupu.

Jumatano, 5 Machi
Suala la dada limekwisha. Nimepita kwake, nikamwambia redio yake inakoroma, nikaichukua eti nikaitengeneze. Akanishukuru! Akanifungia na vitumbua vya watoto. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu ni kichaka.

Alhamisi, 6 Machi
Nilianza vizuri. Baharia alimliza hata fundi mitambo. Kisha mtangazaji akasema kuna msikilizaji kwenye simu, mkunga, anapiga kutoka wodi ya wazazi. Nilisahau kwamba kazini kwa dada nako kuna redio.

"Mdogo wangu," dada akasema, taratibu kama anayepima mtoto uzito, "hizo ndevu nilizinyoa lini?"

Akasimulia yote. Kwaya. Nyuzi mbili. Nilivyolia kidole kilipochubuka, naye akakifunga kitambaa na kuniambia nirudie. Mtangazaji alicheka hadi akalalia meza. Nikatamani ardhi ipasuke initie ndani.

Ndipo mtangazaji akamwomba dada aimbe ule mdundo wa kwanza alionifundisha. Dada akaanza, kwa sauti ya chini. Vidole vyangu vikaingia vyenyewe kwenye besi niliyokuja nayo. Akina mama wodini wakadakia. Kichanga kimoja kikalia, na kikalia palepale penye pigo. Sijawahi kupiga besi namna ile. Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi la studio.

Ijumaa, 7 Machi
Ushindi! Watu wamejaa karakanani tangu asubuhi, wengine hata baiskeli hawana. Hoteli moja kubwa inaitaka bendi, kwa sharti kwamba mpiga besi asimame mbele. Kidole amerudi na kukuta nafasi yake iko nyuma ya mpiga ngoma. Akasema besi ni gitaa lililopungukiwa. Nikaendelea kutazama mbele. Mtu wa mbele hageuki geuki.

Jioni nikarudisha redio. Dada akauliza ilikuwa na ugonjwa gani. Nikasema waya. Akazitazama skrubu zilizojaa kutu. Akaniomba besi yangu, akakaa kitandani na sare yake ya kazi, akapiga. Bado ananishinda, na kwa mbali. Nikamwambia hivyo, ingawa ulimi ulikuwa mzito. Akasema anajua.

Jumapili, 9 Machi
Sifa hazilali! Mwandishi wa gazeti anataka kutuhoji, mimi na dada, pamoja. Akaniuliza siku gani inafaa. Jumanne asubuhi dada yuko zamu. Nimemwambia mwandishi aje Jumanne asubuhi.

Safari hii nitasema kweli tupu. Nimeipanga upya kidogo tu. Dada nimempa heshima yake kamili: ndiye mwanafunzi wangu wa kwanza, nilimwona ana kipaji, nikamshika mkono. Mke wangu amesoma karatasi niliyoandika, akaenda zake jikoni. Naona imemgusa.

Hatari haipo. Wakunga hawana muda wa kusoma magazeti.