Vita vya Siku Tatu vya Mzee Matonya na Jina Lake

Tulieni, enyi mliokaa na mliosimama! Mwenye mtoto anayelia na ampe maziwa, na mwenye kusaga na alipumzishe jiwe, kwa maana habari ninayowaletea si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Wengine watawasimulia vita vya wafalme na ngurumo za mizinga ya Wadachi. Mimi nitawasimulia jinsi Matonya, nguzo ya tembe la magharibi, tishio la fisi, mjuzi wa ng'ombe mia na ishirini kwa majina yao na majina ya mama zao, alivyopigana na herufi saba kwa muda wa siku tatu, akatoka vitani hai, ingawa ameungua kidogo.

Ulikuwa mwaka ule reli ilipofika Dodoma, na uwele mashambani ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa. Seth, mwana pekee wa Matonya, alikuwa amekwenda kutandika reli huko mbele, magharibi, na nyumbani alimwacha mkewe Ruthu pamoja na binti yao Hana, mwenye umri wa miaka saba. Ruthu alilelewa kwa wasomaji wa misheni, naye alikuja kuolewa na mali mbili: mtungi wa maji na kibao cheusi cha kuandikia. Misheni ilikuwa mwendo wa siku nzima kwa mguu, tena njia ile ilikuwa na chui. Kwa hiyo Ruthu alimfundisha Hana nyumbani, katikati ya kupepeta na kukoroga, herufi moja kwa kila mzigo wa kuni, na kila chungu kilipotokota palikuwa na neno jipya.

Siku moja Hana aliachiwa ndama awachunge. Akainama akaandika mavumbini kwa kijiti, na alipoinua macho ndama walikuwa wamekwisha kuingia shambani, wakala uwele wa babu yake mpaka matumbo yakawa ngoma.

Matonya akasimama uani, akaikita fimbo yake, akanena kwa sauti iliyowaondoa kuku juu ya paa:

"Enyi watu wa nyumba yangu! Baba yangu hakusoma, na ng'ombe walimjua. Babu yangu hakusoma, na simba walimjua. Sasa nataka kujua: elimu hii ni chakula, au ni ugonjwa wa vidole? Ruthu! Nakupa siku tatu. Jina langu likiingia kichwani mwangu, nikaliandika, na mtu asiyeambiwa akalitambua, basi Hana atasoma hata meno yamtoke. Lisipoingia, mtoto arudi kwa ndama, na kibao hicho kitakuwa kifuniko cha chungu."

Mkewe, ambaye wote walimwita Mama Seth, hakungoja amri ya pili. Alikichukua kile kibao, akakiweka juu ya chungu cha mlenda, akakizungusha.

"Kinatosha," akasema.

Ruthu akapiga goti mbele ya baba mkwe wake, akajibu, "Nimekubali, Baba. Ila usinikasirikie nikikufundisha kwa njia ya kuzunguka."

Na hapa, wasikilizaji wangu, ni lazima niwafunulie shimo lililokuwa katikati ya uwanja wa vita. Katika nyumba ile, mke wa mwana hakulitaja jina la baba mkwe. Hilo ni jambo dogo, wengi wameliishi. Lakini Ruthu, siku ya arusi yake, kwa heshima iliyofurika kingo, aliapa kwamba hatalitaja jina hilo hata kwa vipande vyake. Ma hatalisema. To hatalisema. Nya hatalisema. Miaka minane alikilinda kiapo kile. Maji aliyaita "yale ya mtungini." Moto ulikuwa "kile chekundu." Nyama ilikuwa kitoweo, mtoto alikuwa mwana, na mama mkwe alikuwa Mzazi. Kwa kuwa hakuweza kusema "soma," wala "sema," wala "tazama," alikuwa mwalimu asiyeweza kutoa amri hata moja ya ualimu. Mwinjilisti Bartolomayo hakumtaja kabisa, kwa sababu jina lake lilikuwa na mitego miwili.

Huyo ndiye aliyetakiwa kumfundisha Matonya kuandika Matonya.

Na Hana, ambaye angeweza kuokoa jahazi hilo, aliamriwa na babu yake aende shambani na bibi yake kuwinga ndege kwa siku zote tatu, "asije akaninong'oneza, nikashinda kwa hila."

Siku ya kwanza ikapambazuka. Upepo wa asubuhi ulikuwa mkali, kwa hiyo wapiganaji wakaketi ndani, karibu na meko, ili Ruthu apate kuuangalia uji huku akifundisha. Matonya alijifunga shuka lake jipya, akaketi juu ya ngozi ya ng'ombe kama jemadari juu ya kilima. Ruthu akaandika herufi mbili za kwanza.

"Baba, hii ni sauti ya mbuzi akiita wenziwe, ila mdomo uufungue zaidi."

Matonya akazitazama zile herufi kwa uadilifu. "Mee," akasema.

"Fungua zaidi, Baba."

"Meee."

"Zaidi! Bila woga!"

"MEEEEE!" akanguruma Matonya, na vumbi la dari likamwagika.

Basi mbuzi zizini, waliokuwa hawajawahi kuitwa kwa ufasaha wa namna ile, wakavunja ufito wa mlango na kuingia ndani, kumi na mmoja kwa hesabu, wakiongozwa na beberu mwenye ndevu. Wawili wakakanyaga kikapu cha unga. Mmoja akapanda kitandani. Beberu akakiendea kibao, akairamba M, akairamba A, na kwa kumalizia akatafuna nusu ya chaki. Ruthu alipigana kwa mwiko, Matonya akapigana kwa fimbo, na jua lilikuwa utosini walipomtoa mbuzi wa mwisho, tena kwa kumvuta mguu.

Jioni Mama Seth akarudi kutoka shambani, akaweka jembe chini. "Nimesikia beberu akilia hapa tangu asubuhi," akasema. "Kumbe tumepata jipya?"



Siku ya pili Ruthu akabadili mbinu. Akaiacha silabi ya kwanza, akaizunguka ngome ili aishambulie kutoka katikati.

"Baba, kuna kitu chekundu kinachoivisha uji. Ulipate jina lake, kisha ulikate, unipe kipande cha mwisho." Akanyoosha kidole mekoni.

Matonya akatazama. Akafikiri sana, kwa maana hakuwa mtu wa kukurupuka. "Kuni," akasema.

"Si kuni, Baba. Kuni ndizo chakula chake."

"Mafiga."

"Hapana."

"Chungu. Mwiko. Mke wa mwanangu." Akavuta pumzi, akasimama, akainua mkono mmoja. "Ee binti wa watu, nimekaa duniani miaka mingi, nikaona njaa zikija na kuondoka. Kama unaniuliza kwa kweli ni nini kiivishacho uji, basi nitakujibu kwa kweli: ni uvumilivu!"

Lilikuwa jibu la mtu mkubwa, na Ruthu alitamani kulia. Wakati ule ule uji ukafurika, ukamwagika mekoni, ukazima kila kitu chekundu kilichokuwamo, na hapakuwa tena na cha kunyooshea kidole. Wakala viporo. Mama Seth alipokuja akakipima tena kibao juu ya chungu, safari hii akakifuta kwanza kwa upande wa kanga yake, kama mtu anayetunza chombo chake mwenyewe.

Ruthu alikwenda nyuma ya tembe, akamkuta Hana anaandika jina lake ukutani kwa kaa, pole pole, kila herufi akiipuliza ipate kukaa. "Kesho nitarudi kwa ndama?" mtoto akauliza. Ruthu akamkalisha mapajani.

Siku ya tatu! Ewe ulimi wangu, usiniangushe sasa! Upepo ulivuma kutoka mashariki kwa nguvu ya kuhamisha vizimba vya kuku. Matonya akaketi karibu zaidi na meko kwa ajili ya baridi, mgongo wake ukiyaelekea mafiga, uso wake ukikielekea kibao. Na upepo ukapenya mlangoni, ukainua cheche moja, ukaiweka juu ya upindo wa shuka jipya.

Ruthu akaona. Akafungua kinywa kupiga ukelele ambao kila mwanadamu angeupiga, na kiapo cha miaka minane kikamkaba koo.

"Baba!" akalia. "Kile chekundu! Kile chekundu kinachoivisha uji!"

"Jana nilikwisha kukujibu," akasema Matonya kwa subira. "Uvumilivu."

"Kiko mgongoni kwako, Baba!"

"Uvumilivu uko mgongoni kwangu?" Akalitafakari neno lile, akaona lina busara. "Naam. Nimeubeba siku nyingi."

"Hapana, Baba! Kinakula shuka! Kinapanda!"

"Basi ni kupe."

Moshi ukapanda juu ya bega lake. Matonya akanusa, akageuza kichwa, akaona, akaruka juu kwa mruko ambao vijana wa kijiji waliusifu hata walipozeeka.

"MOTO!"

Na Ruthu, badala ya kumkimbilia, akapiga makofi na kurukaruka. Mwenyezi Mungu amsamehe, alikuwa mwalimu. "Ndiyo! Ndiyo hiyo, Baba! Kipande cha mwisho!"

"TO!" akanguruma Matonya, akiwaka.

Ndipo Ruthu akauinua mtungi kwa mikono miwili, akammwagia wote kichwani.

"Maji!" akalia mzee, akitweta. "Maji baridi!"

"Kipande cha kwanza, Baba! Cha kwanza!"

"MA!"

Matonya akasimama katikati ya dimbwi, anachuruzika, shuka limetoboka tundu la ukubwa wa ungo. Ile ngozi aliyoikalia ilikuwa imeshika cheche ukingoni, na sasa ilifuka taratibu. Akaikunjia pua.

"Nanusa nyama imeungua," akasema kwa huzuni.

"Cha kwanza," akanong'ona Ruthu, machozi yakimtoka.

Mzee akamtazama mkwewe. Akaitazama ile ngozi. Kisha akayafungua macho kama mtu aliyeona ng'ombe wake aliyepotea anakuja peke yake njiani.

"Nya," akasema. "Ma. To. Nya." Akajigusa kifua. "Mbona ni mimi!"

Ruthu akamchorea herufi zote saba ukutani kwa kaa, naye Matonya akakishika kipande cha chaki kilichoachwa na beberu, na pale pale, akiwa amelowa, akaanza kuzifuatisha kibaoni. M akaipanda kama vilima viwili vilivyokaa jirani. T akaisimika kama nguzo yenye boriti ya dari. O akaizungusha kama zizi, akarudi kuangalia kama halikuachiwa mlango. Y aliifahamu mara moja, kwa kuwa ilikuwa panda ya kuegemeza ufito. Alipofika mwisho na kuikuta A, akakasirika.

"Huyu si tulimshinda tayari?"

"Amerudi, Baba."

"Hana aibu," akasema Matonya, akampiga mara ya pili.

Sasa ikabaki hukumu. Mungu si Athumani, Mwinjilisti Bartolomayo alikuwa akipita njiani na mwavuli wake, akienda kijiji cha pili, na Matonya akamkimbilia vile vile alivyo, shuka likipeperusha tundu lake.

"Mbukwenyi!" akaamkia Bartolomayo, akirudi hatua moja nyuma.

"Salamu baadaye. Hiki ni nini?"

Bartolomayo akainamia kibao. Herufi zilikuwa zimelegea kama watu waliotoka pombeni, lakini zilikuwa zimeshikana mikono. "Ma... to... nya," akasoma. "Matonya." Kisha akajiziba mdomo kwa kiganja, maana alikuwa kijana, naye alikuwa amemtaja mzee kwa jina tupu mbele ya nyumba yake. "Unisamehe, mzee wangu!"

"Sikusamehe!" akapaza sauti Matonya. "Rudia!"

Akamtaka arudie mara nne. Na kila mara jina lilipotoka katika kinywa cha mtu asiyeambiwa, mzee aliipiga ardhi kwa fimbo, hata Hana na bibi yake wakalisikia shambani, wakaja mbio wakidhani kuna msiba. Hapo Matonya akasimama mbele ya watu wake, akatoa amri iliyotangazwa hata visimani: "Hana atasoma! Atasoma asubuhi, na ndama nitawachunga mimi. Na asiyependa, na aandike jina lake kwanza, ndipo tujibizane!"

Hana akamrukia babu yake shingoni. Ruthu akaketi chini pale pale alipokuwa. Na historia ya nyanda za kati, ambayo hadi siku hiyo ilikuwa ikijiandika kwa nyayo za ng'ombe tu, ikapata neno lake moja la chaki.

Mama Seth hakushangilia. Alikichukua kibao, na wote wakadhani anakwenda kukipima tena. Lakini alikaa nacho juu ya kigoda, akakitazama.

"Na mimi?" akauliza.

Hana akafungua kinywa, akagundua kwamba hajui bibi yake anaitwa nani. Ruthu, kwa heshima ya mkwe, hakuwahi kuuliza. Macho yote yakamgeukia Matonya, mjuzi wa majina mia na ishirini, naye akakuna kichwa, akatazama zizini, akatazama mbinguni, na jasho likaungana na maji ya mtungi.

"Nyemo," akasema yule mama, kwa upole, kama anayemkumbusha mtu mahali alipoacha fimbo yake. "Nilipokuja hapa niliitwa Nyemo."

Ruthu akahesabu kwa vidole, na uso wake ukang'aa. "Baba, herufi nne unazo tayari. Imebaki moja tu."

Matonya akazitafuta katika jina lake, akazikuta: ile N, ile ya panda, lile zizi, vile vilima. Akaziandika upya chini yake, akiacha nafasi katikati kama Ruthu alivyomwonyesha. Kisha akaisogeza chaki kwenye ile nafasi, apate kufundishwa ya tano.

"Nipe," akasema Nyemo. "Miaka arobaini umeniita kwa jina la mwanangu. Hii nitaiweka mimi."

Naye Matonya, aliyeshinda moto, akaitoa chaki kwa mikono miwili. Hana akamwonyesha bibi yake mavumbini: mti mmoja, na meno matatu. Nyemo akakipakata kibao. Akasimika mti. Akaweka jino la kwanza, la pili, la tatu. Akatazama, akafikiri, akaongeza la nne, lisije likang'oka moja.

Andikeni basi, enyi mnaoandika mambo makuu: hivyo ndivyo E ya Nyemo ilivyosimama, na katika tembe lile lote hakuonekana shujaa aliyethubutu kuisahihisha.